JE, WATAZAMA NYOTA WA KALE WALIKUWA WAJINGA?

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Juzi jioni nilimcheka nyanya yangu. Tulikuwa tumeketi nje ya jiko, naye akasema jua limeshamaliza safari yake ya kuizunguka dunia. Mimi nikajitia mwalimu: "La, nyanya! Dunia ndiyo huzunguka jua." Akaniuliza kwa upole, "Umejuaje, mjukuu wangu?" Wapi! Nikakosa la kusema. Nilikuwa nimekariri tu kitabuni. Aibu hiyo ndiyo iliyonifanya nitafute jibu.

Kumbe nyanya hayuko peke yake. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyefariki mwaka wa 322 K.K., alifundisha kwamba dunia imetulia tuli katikati, na mwezi, jua, sayari na nyota huizunguka. Hakusema ovyo. Dunia ingekuwa inasafiri, alisema, tungeona nyota zikihamahama. Hakuna aliyeziona zikihama.

Shida ilikuwa sayari. Mirihi husonga kuelekea mashariki kati ya nyota usiku baada ya usiku. Lakini kila baada ya miezi 26 hivi husimama, hurudi kinyumenyume kwa majuma kadhaa, kisha huendelea na safari. Kulikoni? Karibu mwaka wa 150 B.K., Ptolemy wa Alexandria, Misri, alieleza hivi: Mirihi huzunguka katika duara dogo, na kitovu cha duara hilo nacho huizunguka dunia katika duara kubwa. Sayari ikifika upande wa ndani wa duara dogo, sisi huiona ikirudi nyuma. Kwa hesabu hizo watu walitabiri mahali pa sayari kwa zaidi ya miaka 1,300. Huyo ni mjinga kweli?

Mwaka wa 1543 kitabu cha Nicolaus Copernicus kiliweka jua katikati. Mirihi ikaeleweka upesi: dunia huipita tu! Ukiwa ndani ya matatu inayompita mtu wa baiskeli, ukimtazama huku milima iko mbali nyuma yake, utadhani anarudi nyuma, na kumbe anakanyaga kwenda mbele.

Ushahidi ulifuata. Mwaka wa 1610 Galileo Galilei alitazama Zuhura kwa darubini, akaiona ikijaa na kupungua kama mwezi. Kwa mpango wa Ptolemy, Zuhura hukaa daima upande wetu wa jua, kwa hiyo isingeweza kuonekana ikikaribia kujaa. Na zile nyota za Aristotle? Huonekana kuhama kweli, ila ziko mbali mno. Friedrich Bessel alifaulu kupima jambo hilo mwaka wa 1838.

Basi nilimrudia nyanya na chungwa. Nikalizungusha kando ya taa ya mafuta, akaona upande wenye mwanga ukikua na kupungua. Akatikisa kichwa, akasema, "Sasa umenijibu."

Wenzangu, tusiwacheke wazee kwa mambo tuliyokariri. Kuuliza si ujinga. Mimi niliyeshindwa kujibu ndiye niliyekuwa na kazi ya kufanya.