Boti ya fibri iliyozeeka: mambo ya kuangalia kabla ya kuirudisha ziwani

Mtumbwi wa mbao ukijaa maji katikati ya Ziwa Tanganyika, mara nyingi unabaki juu ya maji, na wavuvi wanaushikilia mpaka wenzao wafike. Boti ya fibri haiko hivyo. Ikijaa maji, na kama haina vyumba vya hewa vilivyofungwa, inashuka chini pamoja na moteri yake. Na ziwa letu, pale penye kina zaidi, linafika mita 1470.

Hapa Kalemie mitumbwi ya mbao ndiyo mingi, lakini boti za fibri nazo zipo, na nyingi zimepita mikononi mwa watu wengi. Anayeuza anasemaga: «Fibri haiozi.» Ni kweli nusu. Kabla ya kutoa pesa, au kabla ya kupakia watu, ni vizuri kujua nusu ile nyingine.

Fibri ni kitu gani?

Ni nyuzi nyembamba za kioo, zimefumwa kama kitambaa au zimekatwa na kupangwa kama mkeka, kisha zikalowanishwa na rezini. Rezini ni maji mazito kama asali, yanayogeuka kuwa magumu. Mafundi wanapanga mkeka juu ya mkeka mpaka unene unaotakiwa ufike. Ngozi ya nje, ile yenye rangi na kung'aa, inaitwa jelikoti. Kazi ya jelikoti ni kuzuia maji na jua; nguvu ya boti iko katika mikeka ya ndani.

Ugonjwa unajificha wapi?

Kwanza, chini ya jelikoti. Boti ikikaa majini miaka mingi, maji yanapenya polepole na kukutana na mabaki ya rezini ndani. Vinatokea vipele kama vya mtu aliyeungua. Ukitoboa kimoja, maji yanayotoka yananuka kama siki. Maji baridi ya ziwa yanaleta ugonjwa huu haraka kuliko maji ya chumvi ya bahari.

Pili, katika mbao zilizofichwa. Boti nyingi za fibri zina mbao ndani: kwenye sakafu, kwenye mihimili, na zaidi kwenye ukuta wa nyuma unaobeba moteri. Buloni moja isiyozibwa vizuri inatosha kuingiza maji. Mbao inaoza ndani, na nje fibri inaendelea kung'aa. Siku ya mawimbi, moteri inang'oka na ukuta wake.

Namna ya kupima haihitaji mashine. Chukua sarafu au mpini wa nyundo ndogo, gongagonga boti yote, sentimita kwa sentimita. Mahali pazima panatoa sauti kali. Mahali penye mikeka iliyoachana au mbao iliyooza panatoa sauti nzito, kama kugonga katoni. Weka alama na chaki. Kisha shika moteri, uisukume mbele na nyuma: ukuta ukicheza, hata kidogo, mbao imekwisha.

Kutengeneza kunaanza na kukausha

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni haraka. Boti inatolewa majini leo, kesho inapakwa rezini. Rezini haishiki juu ya kitu chenye maji. Vipele vinakwanguliwa, sehemu inasafishwa na maji safi mara nyingi, kisha inaachwa ikauke kwa majuma, pengine miezi. Ndiyo maana kazi hii inafaa kiangazi, tangu mwezi wa tano, chini ya kivuli na penye hewa.

Penye tundu au ufa, haitoshi kubandika kiraka juu. Kingo zinasagwa ziwe mteremko mrefu, mara 12 ya unene wa fibri. Yaani kama ukuta una milimita 5, mteremko uwe na milimita 60 kila upande. Hapo ndipo mkeka mpya unapata mahali pa kushika. Mbao iliyooza inatolewa yote. Kuipaka juu ni kuufunika ugonjwa.

Rezini ya poliesta ni ya bei nafuu, lakini juu ya kazi ya zamani iliyokwisha kukauka haishiki kama epoksi. Kwa mahali panapobeba uzito, epoksi ni bora, ingawa bei yake iko juu. Ila ukianza na epoksi, malizia na epoksi: poliesta juu yake haishiki vizuri.

Dawa hizi si za kuchezea

Rezini ya poliesta inagandishwa na dawa inayoitwa katalizeri. Kwa kawaida kilo 1 ya rezini inapokea gramu 10 mpaka 20, kulingana na maandishi ya mtengenezaji. Kwa joto letu mchanganyiko unaganda upesi, kwa hiyo changanya kidogo kidogo. Ukiacha kopo limejaa, linaweza kuchemka na kuwaka moto.

Kuna dawa ya pili, kobalti, inayoharakisha kazi. Rezini nyingi zinauzwa nayo tayari ndani. Kama iko pembeni, usiichanganye kamwe moja kwa moja na katalizeri: vinalipuka. Katalizeri ikiingia katika jicho inaweza kupofusha. Osha na maji mengi kwa dakika zisizopungua 15, halafu nenda hospitali mara moja. Vumbi la kusaga nalo linaingia katika mapafu. Vaa masiki, miwani na mikono mirefu, na watoto wakae mbali.

Kama ni boti ya tanga

Boti ya tanga ya fibri ina mambo mengine matatu. Buloni zinazoshika mkuku, ule uzito wa chini unaozuia boti isipinduke, zinapata kutu mahali zisipoonekana. Nyaya za chuma zinazoshika mlingoti zinachoka. Ukiona uzi mmoja umekatika, badilisha waya mzima. Na tanga lenyewe linaliwa na jua: ukilichana kwa vidole, halifai.

Ihesabie bidoni

Turudi kwenye kuzama. Fibri ni nzito kuliko maji, karibu mara moja na nusu. Boti ya kilo 300 ikijaa maji bado inavuta chini kama kilo 100. Moteri ya kilo 70 inaongeza karibu 60. Jumla ni 160. Bidoni tupu ya litre 20, iliyofungwa vizuri, inabeba karibu kilo 20. Kwa hiyo bidoni 8 zinaizuia isizame, bila mtu hata mmoja. Ongeza nyingine kwa ajili ya watu watakaoishikilia, na uzifunge kwa nguvu chini ya viti, nyuma na mbele, zisitoke na mawimbi. Jile za kuokolea maisha zinabaki palepale. Bidoni hazichukui nafasi yake.

Umri wenyewe haukatazi

Meli Liemba, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwezi wa saba 1916. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka injini mafuta mazito. Ilitolewa chini ya maji mwaka 1924, ikarudi kazini 1927, na ikabeba watu kwenye ziwa hili miaka mingi sana baadaye. Ile ni chuma, si fibri, lakini ilipona kwa sababu ilitunzwa kabla na ikatengenezwa mpaka ndani.

Basi, anayetaka kununua aombe kwanza boti itolewe majini, iguswe, igongwe, na sakafu ifunguliwe. Bei ya moteri ihesabiwe peke yake na bei ya boti peke yake, maana moteri nzuri inaweza kuficha boti mbovu. Muuzaji akikataa sarafu isigonge ukuta wa nyuma, mnunuzi amekwisha kupata jibu lake.