Risasi Hukomea Wapi?

Katika sinema, mtu anayeshambuliwa kwa bunduki hujibanza nyuma ya mlango wa gari, au hupindua meza akachutama nyuma yake. Mtunzi wa sinema humwokoa, mlango usingemwokoa. Bati la ubavu wa gari kwa kawaida halifiki unene wa milimita 1, na hata risasi ya bastola hulitoboa. Meza na godoro la sponji navyo humficha mtu, havimkingi.

Njia ya kutegemewa ya kupima nguvu ya risasi ilielezwa mwaka 1742 na Mwingereza Benjamin Robins. Alining'iniza ubao mzito kama pembea, akaupiga risasi, kisha akapima jinsi ulivyosukumwa nyuma. Kwa kuwa aliujua uzito wa ubao na wa risasi, aliweza kukokotoa mwendo wa risasi hiyo. Ikadhihirika kwamba risasi za magobori ya zama zile zilikwenda kasi kuliko sauti.

Mwendo ndio jambo kubwa, kwa maana nishati ya kitu huongezeka mara nne mwendo wake unapokuwa maradufu. Risasi ya gramu 8 itokayo katika bastola kwa mwendo wa mita 350 kwa sekunde hubeba jouli 490. Risasi ya uzito huohuo itokayo katika bunduki ya vita kwa mita 700 kwa sekunde hubeba jouli 1,960. Nishati hiyo haipotei hivi hivi. Sharti itumike kupinda, kuvunja, kusukuma au kupasha moto kitu fulani. Bati jembamba huidai kidogo mno.

Mchanga huidai nyingi. Kila chembe husukuma chembe nyingine, nazo husuguana, na risasi hupinda au kuvunjika humo ndani. Mifuko ya mchanga mkavu iliyopangwa kwa unene wa nusu mita kwa kawaida huizuia risasi ya bunduki.

Maji nayo yana ajabu yake. Ni mazito kuliko hewa takriban mara 800, wala hayawahi kuipisha risasi. Kadiri risasi iendavyo kasi, ndivyo yanavyoipinga zaidi. Kwa hiyo risasi ya bunduki yenye kasi kubwa mara nyingi hupasuka au kuishiwa nguvu kabla ya kumaliza mita 1, ilhali ya bastola, iliyo dhaifu, huweza kubaki nzima na kufika mbali zaidi.

Hapa msomaji atakumbuka vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Dawa ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe iliyaunganisha makabila mengi dhidi ya Wajerumani, na hilo si jambo dogo. Lakini maji huizuia risasi kwa kina chake, na maji yaliyonyunyizwa mwilini hayana kina. Tarehe 30 Agosti 1905, mbele ya boma la Mahenge, wapiganaji wengi waliangushwa na bunduki za rashasha.

Hata mchanga hudhoofishwa na maji. Mvua inapoulowesha, chembe huteleza badala ya kukwaruzana, na risasi hupenya ndani zaidi. Ndiyo sababu mifuko ya mchanga iliyolowa huhitaji unene zaidi.