Karatasi Ndiyo Shahidi Wako

Ndugu msomaji, ukifika mwalo wa Kibirizi asubuhi utaona biashara inavyokwenda haraka. Mitumbwi imerudi. Dagaa wanapimwa, wengine wanaanikwa. Madumu ya mawese yanashushwa. Fedha inapita mkono kwa mkono. Mara nyingi neno la mdomo linatosha, kwa sababu muuzaji na mnunuzi wanajuana.

Lakini mnunuzi anaweza pia kuwa kampuni ya mbali. Je, kampuni ikikataa kulipa utafanya nini? Hapo ndipo kazi ya wakili wa kesi za biashara inapoanza.

KAMPUNI NI NANI?

Tuseme umeuza magunia 20 ya dagaa wakavu kwa kampuni ya Dar es Salaam. Umelipwa nusu. Nusu ya pili umeahidiwa kwa simu. Miezi inapita. Yule aliyekuja kununua anakuambia, "Mimi hunidai. Unaidai kampuni."

Utadhani anakufanyia mzaha. Lakini huenda anasema kweli. Kampuni iliyoandikishwa ni kama mtu mbele ya sheria. Ina jina lake, mali yake na madeni yake. Jambo hili liliamuliwa Uingereza mwaka 1896, katika kesi ya fundi viatu wa London aliyeitwa Salomon. Kampuni yake ilifilisika, naye akatakiwa alipe madeni yake. Mahakama ya juu ikasema kwamba deni ni la kampuni, si la Salomon. Sheria ya Tanzania inafuata msingi huo.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa mzigo uliza: ninamwuzia mtu huyu au kampuni? Tanzania Bara, kampuni huandikishwa BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Wakili huulizia huko. Hutazama kama kampuni ipo kweli, na wakurugenzi wake ni akina nani.

Hata hivyo, kampuni si kichaka cha wezi. Mahakama ikiona kwamba kampuni ilitumiwa kudanganya watu, inaweza kuwageukia wale waliojificha nyuma yake.

WAKILI ANAFANYA NINI?

Ukifika kwake, atakuuliza kwanza: karatasi ziko wapi? Anataka mkataba, hati ya kupokea mzigo, risiti na karatasi za benki. Ujumbe wa simu nao una kazi. Kwa sheria ya mwaka 2015, ujumbe huo unaweza kupokelewa mahakamani. Usiufute.

Kisha ataiandikia kampuni barua ya madai na kuipa siku za kulipa. Kampuni nyingine hulipa hapo. Isipolipa, atafungua kesi. Hata kesi ikiwa mahakamani, pande mbili zinaweza kupatana.

Usikae na deni ukingojea huruma. Madai ya mkataba yana muda wa miaka 6. Muda huo ukipita, mahakama inaweza kuyakataa hata kama unadai haki yako.

DENI NA WIZI SI KITU KIMOJA

Kampuni iliyokosa fedha kwa sababu biashara imeharibika ina deni. Hiyo ni kesi ya madai. Lakini kampuni iliyokudanganya tangu mwanzo ili ichukue mali yako, imefanya kosa la jinai. Hapo unakwenda polisi. Wapelelezi hufuata njia ya fedha: ziliingia benki gani, nani alizitoa, zilinunua nini.

Tuchukue mfano wa kampuni ya DECI. Watu wengi wa Tanzania waliambiwa "wapande mbegu", yaani watoe fedha, halafu "wavune" zaidi. Lakini mavuno ya waliotangulia yalitoka katika mifuko ya waliofuata. Wafuasi wapya wakipungua, fedha nazo huisha. Serikali iliusimamisha mchezo huo mwaka 2009. Viongozi walishtakiwa Dar es Salaam katika mahakama ya Kisutu, na mwaka 2013 baadhi yao walitiwa hatiani. Kampuni haiwezi kufungwa jela. Wanaoweza kufungwa ni watu walioiongoza.

Mtu akikuahidi faida kubwa, muulize: faida hiyo inatokana na kazi gani? Asipokuwa na jibu, rudi na fedha yako nyumbani.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Andika mapatano: jina la mnunuzi, idadi ya mzigo, bei na siku ya kulipa.

2. Mkataba ukiwa kwa Kiingereza, omba uandikwe kwa Kiswahili. Sheria ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu.

3. Anayepokea mzigo atie sahihi. Nawe ubaki na nakala.

4. Weka karatasi zako mahali pakavu, mbali na mchwa na mvua.

5. Kama huna fedha ya wakili, uliza katika ofisi ya halmashauri juu ya wasaidizi wa kisheria. Wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Ndugu msomaji, zamani wengi wetu tulitia dole gumba kwenye karatasi tusiyoijua. Sasa unajua kusoma. Basi soma kwanza mpaka mwisho, uliza usichokielewa, ndipo utie sahihi. Mali bila daftari hupotea bila habari.