Volti 12 zote si sawa: soma hii kabla hujanunua betri, paneli au adapta

Wadau wa vibanda vya kuchajisha simu, saluni na genge zinazowasha taa kwa sola, leo tuongee umeme kidogo. Msiogope, hesabu ipo ila ya kugawanya tu. Mimi nauza vifaa vya sola na chaja, na pesa nyingi ninayoona wateja wakiipoteza inapotelea sehemu moja: mtu anauliza volti, haulizi ampia, na hajui kwamba vyanzo vya umeme viko vya aina mbili.

Aina ya kwanza ni chanzo cha volti. Hiki kinashikilia volti zake, halafu ampia zinaamuliwa na kifaa ulichochomeka. Betri, chaja ya simu, adapta ya ruta, hata soketi ya ukutani, wote ni kundi hili. Ni kama duka la sukari: bei ya kilo ni ile ile, anayeamua abebe kilo ngapi ni mteja.

Aina ya pili ni chanzo cha mkondo. Hiki kinashikilia ampia, na volti ndo zinapanda na kushuka kufuatana na kilichofungwa mbele yake. Ni kama msambazaji aliyeapa kushusha kreti kumi kila siku, stoo ina nafasi haina nafasi, atasukuma mpaka ziingie. Wengi hawajawahi kulisikia hili neno lakini kifaa wanacho dukani: draiva ya taa za LED ni chanzo cha mkondo, na paneli ya sola inakaribia kuwa hivyo.

Tuanze na adapta maana ndo swali la kila siku. "Ruta yangu imeandikwa volti 12 ampia 1, hii adapta ni volti 12 ampia 3, si itaiunguza?" Haiunguzi. Ampia 3 ni uwezo wa mwisho wa adapta, ruta itachukua ile 1 yake basi. Tatizo ni kinyume chake: kifaa kinataka ampia 2, wewe umekiwekea adapta ya ampia 1 kwa sababu ilikuwa rahisi. Adapta inachemka, volti zinashuka, kifaa kinazima na kuwaka kila saa. Volti ndo hazina mjadala. Kifaa cha volti 9 ukikipa 12 umekaribisha moshi. Angalia pia kile kichoro cha chanya na hasi, kuna plagi zenye chanya katikati na nyingine zenye hasi katikati. (Chaja za simu zinazochaji haraka zinapandisha volti, ndiyo, ila zinaulizana na simu kwanza. Hizo zisikutishe.)

Sasa betri, hapa ndo penye hela. Chanzo cha volti cha vitabuni hakishuki volti hata ukikikamua namna gani. Sokoni hakipo hicho. Kila betri ina ukinzani wake wa ndani, na umeme unaotoka lazima upite humo kwanza. Betri ikichoka, ukinzani huo unaongezeka. Ndo maana muuzaji wa betri iliyotumika anakuwekea mita unasoma volti 12.6, unafurahi, unalipa, ukifika kibandani inveta inapiga kelele na kuzima. Mita yenyewe haichukui umeme wa maana, kwa hiyo hapo umepima betri iliyopumzika tu.

Dawa yake ni kuipima ikiwa kazini. Nenda na balbu ya mbele ya gari ya wati 55, inatumia kama ampia 4 na kitu. Ifunge kwenye betri, acha iwake dakika chache, mita ikiwa imeshikilia pale pale kwenye vichwa vya betri. Betri nzima iliyojaa itashuka kidogo sana, itabaki juu ya 12. Tuseme imetoka 12.6 ikaangukia 10.6. Zimepotea volti 2 kwa ampia 4, gawanya: ukinzani wa ndani ni nusu omu. Sasa fikiria unataka kuendesha blenda ya juisi ya wati 200 kwa inveta. Hiyo inaomba karibu ampia 20 ukihesabu na upotevu. Ampia 20 mara nusu omu ni volti 10 zinazopotelea ndani ya betri! Utabaki na nini? Hapo hata punguzo la bei usiliongelee, ondoka.

Na betri nzima, kwa sababu ukinzani wake ni mdogo mno, usiipige shoti hata kwa mzaha. Ampia mamia zinatoka kwa mpigo, spana inayeyuka, watu wameungua mikono.

Paneli ni hadithi nyingine. Geuza nyuma usome kibandiko. Paneli ya wati 100 ya mfumo wa volti 12 huwa na Voc kama volti 22, yaani haijafungwa kitu, na Isc kama ampia 6, yaani imepigwa shoti. Ikifanya kazi vizuri inatoa ampia 5.5 hivi. Umeona hizo mbili zilivyo karibu? Hata ukiipiga shoti haitoi zaidi ya 6, kwa sababu ampia zake zinatawaliwa na jua. Kivuli kikija ampia zinaanguka vibaya, volti zinashuka kidogo tu. Kwa hiyo fundi akikuonyesha volti 20 saa 12 na nusu asubuhi akasema "inachaji hii", hajathibitisha chochote.

Ukinunua, omba ipimwe juani saa sita mchana. Mita iwe kwenye ampia 10, ncha kwenye tundu la ampia 10, paneli ifunikwe kitambaa kwanza, unganisha, kisha funua. Paneli ya wati 100 ikikupa ampia 3 jua likiwa kali, umeuziwa kibandiko. Kipimo hiki ni cha paneli ndogo, zile kubwa nyingine zinavuka ampia 10 na zitaunguza fyuzi ya mita. Na kwenye betri usikijaribu kabisa.

Draiva za LED nazimalizia haraka. Kwenye draiva unasoma kitu kama 300mA, volti 24 mpaka 42. Ukibadilisha, miliampia ziwe zile zile, na volti za taa ziangukie ndani ya hizo mbili. Ukiweka ya 600mA "ili iwake zaidi", itawaka zaidi kweli, kwa muda mfupi. Usiiwashe draiva ikiwa haina taa halafu uchomeke taa ikiwa hai, maana ikikosa pa kupeleka mkondo inapandisha volti mpaka mwisho wa uwezo wake, na taa inapokea mshtuko wote huo. Zima, funga waya, ndipo uwashe.

Wiki ijayo nitaandika kuhusu unene wa waya kutoka kwenye betri mpaka inveta.