Athari za Kapasita za Kurekebisha Pawafakta katika Mtandao wa Kiwanda Wenye Hamoniki

Mota huhitaji nguvu riaktivu ili kujenga uga wa sumaku. Nguvu hiyo haifanyi kazi, lakini hupakia nyaya na transfoma. Ndiyo maana kapasita hufungwa karibu na mota. Hatari huja pale kiwanda kinapotumia pia vidhibiti-mwendo vya kielektroniki, ambavyo huchota mkondo wenye hamoniki, hasa ya 5 na ya 7. Transfoma ya kVA 1,000 yenye impidansi ya asilimia 4 hutoa MVA 25 wakati wa shoti. Ikifungiwa kapasita za kVAr 500, rezonansi huangukia kipeuo cha pili cha 50, yaani takriban 7.07. Katika mtandao wa Hz 50, hamoniki ya 7 hukuzwa, na kapasita iliyowekwa kuinusuru transfoma huweza kuungua yenyewe. Kosa hili ni la usanifu, ingawa mara nyingi lawama huangukia ubora wa kapasita.

Koili ya asilimia 7 ikifungwa mfululizo na kapasita, tawi hilo huwa na rezonansi ya Hz 189. Juu ya hapo hutenda kama koili, hivyo haliwezi tena kukuza hamoniki ya 5 wala ya 7. Hata hivyo, volteji ya kapasita hupanda kwa takriban asilimia 7.5, na kapasita ya V 400 haifai tena katika mtandao wa V 400.