Kifungua mimba anapopata mdogo wake

Mama mmoja wa Mchikichini, mpangaji wa chumba kimoja katika nyumba isiyo mbali na soko la Karume, alijifungua mtoto wake wa pili. Wiki ya tatu tulikwenda kumpongeza. Tulimkuta kitandani, kichanga amelala, uji wa pilipili manga unapoa kwenye bakuli. Karibu na mlango palikuwa na begi dogo lililokwisha fungwa. Tukauliza, nani anasafiri?

"Kaka yake huyu," akajibu. "Kesho anapelekwa Morogoro kwa bibi yake."

Kaka mwenyewe alikuwa na miaka miwili na nusu. Alisimama nyuma ya pazia, kidole mdomoni, akitutazama.

Mama akatueleza. Mtoto huyu alikwisha acha kukojoa kitandani, sasa ameanza tena. Analilia ziwa aliloliacha mwaka mzima uliopita. Juzi alimfinya mdogo wake shavuni mpaka likabaki alama. Baba yao anauza mitumba. Hutoka saa 11 alfajiri kuwahi mabelo na kurudi saa 2 usiku. Wapangaji wenzake wa uani walimshauri kwa nia njema: mpeleke kwa bibi, atasahau.

Begi hilo tunalijua. Wengi wetu tumepata kulifunga. Asiyewahi kulala watu wanne katika kitanda kimoja, akaamka usiku kutafuta nepi kavu gizani, na asubuhi akapanga foleni ya bafu la uani huku kidonda cha uzazi kikimuuma, huyo asimhukumu mama huyu. Mtoto wa kwanza alipozaliwa alikuwa na mikono miwili kwa mtoto mmoja. Sasa mikono ni ile ile, na dada wa kumsaidia hayupo.

Lakini tulitazame jambo hili kwa macho ya yule aliye nyuma ya pazia. Usiku mmoja mama yake aliondoka bila kumuaga. Akarudi na mtu mdogo anayelia, akampa mahali pake kitandani. Wageni wanaingia na kumpita yeye. Halafu anapandishwa basi. Hajui Morogoro ni wapi, wala mwezi mmoja una siku ngapi. Anachoelewa ni kwamba mmoja ameingia na yeye ametolewa.

Mwenzetu mmoja aliyekuwa pamoja nasi siku ile alimsimulia mama huyu yaliyompata. Alimpeleka binti yake kwa bibi wiki ileile aliyotoka hospitali. Baada ya miezi mitatu alikwenda kumchukua. Mtoto alijificha kwenye kanga ya bibi yake, na alipomwona mama yake akamwita shangazi. Mwenzetu alisimulia hayo akicheka, lakini ilimbidi anyamaze kidogo kabla ya kuendelea.

Hatusemi bibi ni mbaya. Wengi wetu tumelelewa na bibi na tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Shida ni majira. Ikiwa lazima mtoto aende, apelekwe miezi kadhaa kabla mimba haijawa kubwa, mama akae naye huko siku chache, kisha arudi nyumbani kabla ya mdogo wake kuzaliwa. Njia nyingine ni kumwomba bibi aje mwenyewe. Tangu Juni 2024, treni ya umeme inapobeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, safari hiyo imekuwa nyepesi hata kwa magoti ya mama mkwe.

Jambo hili si geni wala si la Mchikichini peke yake. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi katika nchi iitwayo Ghana leo, aliandika habari za watoto waliovimba miguu, ngozi ikabambuka na nywele zikapauka. Baadaye aliupa ugonjwa huo jina alilolisikia kwa Waga wa huko. Maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto wakati mdogo wake anapozaliwa. Ndio huu tunaouita kwashakoo, au unyafuzi. Mtoto ameondolewa kwenye ziwa, akapewa uji mtupu wa mahindi, na mama hana nafasi ya kumtazama anakula nini.

Kwetu sisi mtoto wa namna hiyo akidhoofika utasikia minong'ono: amebemendwa. Mama anaonewa haya mbele ya majirani, wakati kinachotakiwa ni chakula. Uji wake utiwe karanga zilizosagwa, apate maharage, dagaa, yai siku linapopatikana, na awe na sahani yake mwenyewe ili ajulikane amekula kiasi gani. Akivimba miguu, usingoje. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Miaka ya 1954 na 1955 mtaalamu mwingine, Mary Ainsworth, alifuatilia familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, Uganda. Huko pia ilikuwapo desturi ya kumpeleka mtoto kwa jamaa ili asahau ziwa, ingawa wazazi wengi walikuwa wamekwisha kuiacha. Aliona jambo ambalo kila mama amepata kuliona uani kwake: mtoto huenda mbali kucheza pale anapojua mama yupo nyuma yake, naye hurudi mara kwa mara kuhakikisha.

Basi huyu wa nyuma ya pazia afanyiwe nini? Asichapwe kwa kukojoa; tandika mpira na ufue, litapita. Akililia ziwa, mwache aonje. Wetu walionja, wakakunja uso, wakaenda zao. Kumfinya mdogo wake ni jambo jingine: usiwaache peke yao hata dakika unayokwenda kuepua chungu. Mtume nepi, mwambie ashike sabuni wakati wa kuogesha. Na kichanga akilala, vyombo vingoje kidogo, umpakate mkubwa.

Baba naye ana sehemu yake. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, siku 100 kwa mapacha, na baba angalau siku 3 ndani ya wiki ile ya kwanza. Muuza mitumba hana wa kumpa likizo. Ana jioni yake tu. Amwogeshe mkubwa, amlishe, alale ubavuni kwake. Wapo wanaume wanaojua sana kuogesha mtoto, ila wanaogopa kuchekwa uani. Sisi wanawake ndio tunaowacheka, tuache.

Na wewe mzazi mwenzetu, ukiona majonzi hayaondoki baada ya wiki mbili, hulali hata watoto wanapolala, au unawachukia, mwambie muuguzi. Usingoje siku ya kliniki.

Wiki mbili baadaye tulipita tena Mchikichini. Begi lilikuwa juu ya kabati. Mama mkwe alikuwa amefika, ameketi uani akichambua mchicha, na kijana wetu alikuwa amerudi na baba yake kutoka sokoni, amevaa kofia ya sufu iliyomfika puani. Alitupita mbio kwenda kumwonyesha mdogo wake.

"Jana kamfinya tena," mama yake akatuambia, akiinuka kuwafuata.