"Amejiua selini": maswali ambayo familia haiulizi

Ukivuka kwa feri kutoka Luanda Kotieno, upande wa Siaya, ukashukia Mbita, umeshaingia Kaunti ya Homa Bay. Ni kivuko kirefu kuliko Likoni yetu, lakini kwa watu wa ziwa ni njia ya kawaida ya sokoni, hospitalini na maziko. Kaunti hiyo ndiyo nyumbani kwa Albert Ojwang, kijana wa miaka 31 aliyekuwa mwalimu huku kwetu Taita Taveta na mwandishi wa mitandaoni. Mwanzoni mwa Juni 2025 alikamatwa huko kwao, akasafirishwa mamia ya kilomita hadi Nairobi kwa sababu ya malalamiko ya Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi, Eliud Lagat. Jumapili tarehe 8 Juni, babake alikuwa ameshapata habari kwamba mwanawe amefariki.

Polisi walisema alijigonga kichwa kwenye ukuta wa seli ya kituo cha Central. Tarehe 10 madaktari waliofanya upasuaji wa maiti wakakuta majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo na michubuko mwilini, wakasema hayaelekei kuwa ya kujitia mwenyewe. Tarehe 11 Inspekta Jenerali Douglas Kanja alisimama mbele ya Seneti, akaifuta ile kauli ya ukuta na kuomba radhi. Alisema ndivyo alivyoarifiwa na walio chini yake. Watu 6, akiwemo aliyekuwa mkuu wa kituo, wameshtakiwa kwa mauaji na wamekana. Hilo tuiachie mahakama.

Mimi nataka tuishike ile kauli ya kwanza. Tuseme, kwa hoja tu, kwamba ilikuwa kweli. Je, ingemwondolea polisi dhima? Wengi wetu hudhani ndiyo: mtu kajiua, askari afanye nini? Hapo ndipo tunapokosea. Mahabusu hana funguo ya mlango, hana simu, hana jamaa wa kumwangalia. Aliyemfungia ndiye aliyebeba amana ya uhai wake. Akijidhuru humo ndani, kuna mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuzuia na hakuzuia.

Na namna ya kuzuia inajulikana. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2007 kuhusu kuzuia watu kujiua katika magereza na mahabusu. Unasema saa za mwanzo za kufungwa ni za hatari kubwa, hasa kwa mtu ambaye hajawahi kuingia ndani, aliyelewa, au aliyeaibishwa mbele ya watu. Kwa hiyo kila anayeingia aulizwe maswali machache: je, unatumia dawa yoyote? Umewahi kutaka kujidhuru? Unajisikiaje sasa hivi? Majibu yaandikwe. Anayetiliwa shaka asiwekwe peke yake, apelekewe daktari, na askari ampitie kila baada ya dakika chache, kwa nyakati zisizotabirika, si kuchungulia mara moja usiku. Aliye katika hatari kubwa hafai kuachwa bila jicho hata kidogo.

Mwongozo huo unatilia mkazo mawasiliano, na kwangu mimi hapo ndipo penye kiini. Unayagawa sehemu tatu: kati ya waliomkamata na wanaompokea, kati ya wafanyakazi wa kituo wenyewe kwa wenyewe, na kati ya askari na mahabusu. Kila sehemu ina tundu lake. Askari aliyemkamata amesikia mtu akilia garini kwamba heri afe, lakini akifika kituoni anaandikisha kosa tu kwenye OB na kwenda zake. Askari wa zamu ya jioni ameona mtu hali chakula, hasemi, kajikunyata pembeni. Zamu inabadilishwa, anayeingia anakabidhiwa funguo na idadi ya vichwa. Funguo na idadi, basi. Lile la mtu asiyekula halimo katika makabidhiano. Asubuhi kila mmoja ataapa kwamba yeye hakujua, na pengine atakuwa anasema kweli.

Mtu aliyesafirishwa kutoka ziwani hadi Nairobi hupita mikononi mwa askari wengi, na jamaa zake wanaojua tabia yake, maradhi yake na dawa zake wamebaki nyuma kabisa. Kadiri safari inavyokuwa ndefu, ndivyo habari zinavyopotea njiani.

Sehemu ya tatu, kati ya askari na mahabusu, iliharibiwa na sheria yenyewe. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa jinai. Aliyeokolewa alikuwa akitolewa hospitalini na kupelekwa seli, mahali pabaya kuliko pote kwa hali yake. Na nani angemwambia polisi "nafikiria kujiua" huku akijua ni shtaka la pili? Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. Ni hukumu iliyopita kimyakimya huku Pwani, nami naiona kubwa.

Hatari nyingine ni kwamba neno "amejiua" limetumiwa sana kama pazia hata likapoteza maana. Sisi tunakumbuka Diani mwaka 2012, kijana Mwingereza Alexander Monson alipofia mikononi mwa polisi. Yeye alisemekana kujizidishia dawa za kulevya, ambalo pia ni neno la kumgeuzia lawama marehemu. Miaka ikapita, uchunguzi wa mahakama ukawanyooshea kidole polisi, na mwishoni mwa 2021 maafisa 4 wakatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Visa kama hivi vinatufanya tusiamini hata pale mtu anapojiua kweli, na yule anayelia kwa kukata tamaa ndani ya seli anakosa wa kumtetea.

Kisha kuna haya. Kwetu Waislamu kujiua ni dhambi kubwa, na Waluo nao wana miiko yao ya kumzika aliyejiua. Mkuu wa kituo akitamka neno hilo, familia huinamisha kichwa, huharakisha maziko na haiulizi. Lakini jumuiya ya wanavyuoni wanasema aliyejiua bado ni Muislamu, huoshwa na huswaliwa. Aibu isiwe sababu ya kumzika mtu na ushahidi wake. Sheria iko upande wa familia: Kanuni za Mwenendo wa Jinai, kifungu cha 387, zinataka hakimu achunguze kifo cha mtu aliye mikononi mwa polisi, na polisi wanalazimika kuiarifu IPOA.

Basi ulizeni. Nani alimpokea, saa ngapi, na aliandika nini kuhusu hali yake? Alikuwa peke yake? Mara ya mwisho kuonwa hai ni saa ngapi, na nani aliyemwona? Zamu ilibadilishwa lini, na walikabidhiana nini? Kamera zilikuwa zikifanya kazi? Ombeni daktari wenu awepo wakati wa upasuaji wa maiti.

Na jamaa akikamatwa akiwa bado hai, msiishie kumpelekea chai na mkate. Kama ana maradhi ya akili, anatumia dawa, au amewahi kusema anataka kufa, mwambieni askari wa zamu na mng'ang'anie iandikwe kwenye OB, kisha mchukue nambari ya OB. Zamu ikibadilishwa, rudini mkaseme tena kwa anayeingia. Wakikataa kuandika, IPOA inapatikana kwa 1559 bila malipo. Na anayelemewa na mawazo hayo, awe ndani, nje, au ndiye askari mwenyewe, Msalaba Mwekundu wa Kenya hupokea simu kwa 1199, bila malipo vilevile.